Mshono Una Mwenyewe: Siku Kumi Louisville, Columbus na Buffalo



Nimekuwa kimya tangu Ramadhani. Si ugomvi, ni mitihani ya wanafunzi. Leo naleta neno refu kidogo, na mwenye haraka anaweza kuruka moja kwa moja mpaka Buffalo, maana huko ndiko nilikopigwa bao.

Mwezi wa Juni nilipata siku kumi za mapumziko, nami nilikuwa na deni la kuwatembelea jamaa Louisville, Columbus na Buffalo. Nikasema bora niziunganishe ziwe safari moja, kwa basi. Kwenye mkoba nikatia kofia. Si ya kuvaa, ya kushona. Kofia hii aliianza marehemu mama, Lamu, kwa oda ya mtu ambaye hakurudi kuichukua. Alipofariki mwaka 2019 tuliikuta kwenye kikapu chake: duara la juu limekwisha, ukuta wa pembeni umefika kama theluthi, sindano bado imechomekwa. Kushona najua. Kwetu mwanamume kukaa barazani na kofia mkononi si jambo la kuchekwa, na mimi nilifundishwa nikiwa na miaka tisa. Lakini tangu nije Marekani kusoma sikushika sindano ila kurudisha kifungo cha shati.

Basi nia zilikuwa mbili: niisogeze ile kofia, na nitazame watu wa miji hiyo wanafanya nini na nguo, uzi na sindano. Kama nitapata washonaji wenzangu, heri zaidi.

Kuna jambo linalonikera siku nyingi, bora niliseme mapema. Sisi wasomi wa Kiswahili tumeandika mno juu ya kanga. Tasnifu, makala, semina: jina la kanga, fumbo la kanga, nani kamvalia nani, jirani kajibu nini. Sibezi, na mimi nimo, nimewahi kusimama mbele ya watu dakika 20 nikifafanua maneno sita. Lakini hebu niambieni, mmesoma makala ngapi juu ya kofia ya mkono? Juu ya vitambaa vya makochi vilivyodariziwa? Juu ya almaria ya kanzu? Kanga ina maandishi, kwa hiyo tunaisoma. Kisicho na maandishi tunakipita kama mlango uliofungwa. Na kanga yenyewe, tukisema kweli, inatoka kiwandani, mwenyewe anapinda ncha tu. Yaani katika nguo zote za kwetu tumechagua ile ambayo mkono wa mwanamke haukuitengeneza, tukaipa cheo cha sauti ya mwanamke! Najua mtanijibu kwamba sauti iko katika kuchagua na kuvaa. Sawa, nakubali nusu. Nusu nyingine sikubali.

Louisville iko ukingoni mwa mto Ohio, upande wa kusini, yaani ule uliokuwa wa utumwa. Ng'ambo ni Indiana. Siku hizi ukipanda basi la mji, usishangae kumsikia mama wa Kivu akimkemea mtoto kwa Kiswahili. Jamaa yangu anakaa huko miaka mingi, na jirani zake nusu ni wa Kongo na Burundi.

Kentucky ni nchi ya yale mablanketi ya viraka: juu viraka vilivyounganishwa kwa umbo, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu mshono unapita tabaka zote tatu. Kamusi zetu za zamani zina neno mfarishi, nami nitalitumia, ingawa nikimwambia mwanangu "mfarishi" ananitazama kama nimetaja mnyama.

Kwa muda mrefu mfarishi ulihesabiwa kuwa kazi za nyumbani, basi. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney, New York, likaitundika mifarishi ukutani kama michoro ya rangi. Watu wakastaajabu: kumbe ni sanaa! Lakini angalieni ilivyoingia. Iliingia kwa kufanana na michoro ya wanaume wa wakati ule, na mingi yake haikuwa na jina la aliyeshona. Ilipewa cheo ikanyimwa mama.

Louisville ndiko walikorekebisha hilo, na ndiyo sababu naupa mji huu heshima. Mwaka 1981 ulianza mradi wa kuorodhesha mifarishi ya Kentucky, wa kwanza wa aina yake katika jimbo lolote la Marekani. Njia yao ilikuwa rahisi mno. Walitangaza siku maalumu katika miji ya jimbo: njooni na mifarishi yenu ya urithi. Watu wakaja nayo imekunjwa kwenye mifuko na masanduku. Ikapigwa picha, ikapimwa, na mwenyewe akaulizwa: nani aliishona? Wapi? Mwaka gani? Mwaka 1982 yakafanyika maonyesho Louisville, na majimbo mengine yakaiga.

Miaka 10 baadaye, 1992, mradi huohuo ukatoa kitabu cha Cuesta Benberry, mtafiti Mweusi aliyefariki mwaka 2007, pamoja na maonyesho palepale Louisville. Hoja yake naipenda. Wakati ule wengi walidai kuwa mfarishi wa Mmarekani Mweusi unatambulika kwa macho: rangi kali, mistari iliyopinda, kama ngoma vile, eti damu ya Afrika. Benberry akasema hapana. Weusi walishona kila mtindo, uliopinda na ulionyooka kama rula, na wakati wa utumwa walishona mingi iliyohesabiwa kuwa ya mabibi wenye nyumba. Ukitaka kumjua mshonaji, tafuta habari zake, usitazame mistari ukabahatisha kabila. Nikakumbuka jumba moja dogo la makumbusho, silitaji na wala haliko katika miji hii mitatu, ambako niliona kofia ya viua imetundikwa na kibandiko: "Kofia ya Kiarabu, mtengenezaji hajulikani." Nikamwambia mhusika kwamba kofia hizi zinashonwa kwetu pwani, na hata kofia za Waoman zina undugu mkubwa na Zanzibar. Akanishukuru kwa upole. Kibandiko, kwa habari nilizo nazo, bado kipo.

Mfarishi mmoja wa Kentucky naujua kwa picha tu, nao umenikaa rohoni. Uko Frankfort, kwenye chama cha historia cha jimbo. Aliushona Elizabeth Roseberry Mitchell mwaka 1843, baada ya kuhama Ohio na kuacha nyuma makaburi ya wanawe wawili. Katikati kuna makaburi yenye uzio. Pembeni yamepangwa majeneza madogo ya kitambaa, yenye majina ya jamaa waliokuwa hai. Mtu akifa, jeneza lake linafumuliwa pembeni na kushonewa katikati. Mengine hayakuhamishwa, yako pembeni mpaka leo. Sisi tunaoishi mbali na makaburi ya kwetu tutauelewa bila kufundishwa.

Jamaa alinipeleka pia Kenwood Hill, kwenye vibanda vya mbao vya Little Loomhouse. Hapo aliishi mfumaji Lou Tate, aliyefariki mwaka 1979, ambaye alikusanya vielelezo vya zamani vya kufuma kutoka familia za Kentucky na kufundisha kwa vitanda vidogo vya mfumi. Kwa mara ya kwanza maishani nikapata nafasi ya kuyatumia maneno mtande na mshindio nikivitazama vyenyewe, maana mpaka siku hiyo yalikuwa yangu ya kamusini tu. Nilifurahi kama mtoto.

Mwana wa Louisville mwingine ni Sam Gilliam, aliyekulia huko na kusoma chuo kikuu cha hapo, akafariki mwaka 2022. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikitoa kitambaa cha kuchorea kwenye fremu yake, akakipaka rangi na kukitundika kikiwa huru, kinaning'inia mikunjo mikunjo kama shuka kubwa. Mwaka 1972 kazi zake ziliiwakilisha Marekani Venice. Nazipenda, sina neno. Ila nimejiuliza: mwanamume akitundika kitambaa anakwenda Venice. Bibi wa Kentucky akitundika chake, miaka mingapi ilipita kabla hajaulizwa hata jina?

Toka Louisville basi linafuata barabara ya 71, na Cincinnati iko njiani. Nikashuka kwa saa nne, kwa sababu ya mtu mmoja: Aminah. Nilipoliona jina hili mara ya kwanza nikadhani ni wa kwetu. Kumbe ni Aminah Brenda Lynn Robinson, mzaliwa wa Columbus, 1940. Mwaka 1979 alisafiri Afrika, na Misri ndiko alikopewa jina hilo, akalishika mpaka alipofariki 2015. Kituo cha kumbukumbu ya watumwa waliotoroka, kilichofunguliwa Cincinnati mwaka 2004 karibu kabisa na mto, kina kazi yake kubwa ya nguo inayochukua ukuta.

Hapohapo kuna ugonjwa mmoja niutaje. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichodai kuwa mifarishi iliyoanikwa uani ilikuwa na alama za siri za kuwaelekeza watoro. Wanahistoria wa nguo wamekipinga, ushahidi hakuna. Lakini watu wanaipenda mno hadithi hiyo. Wageni wawili waliosimama karibu yangu walikuwa wanasimuliana. Kwa nini inapendwa? Nadhani kwa sababu ileile inayotufanya sisi tupende mafumbo ya kanga. Nguo ikiwa na siri, msomi anapata kazi ya kufumbua. Nguo ikiwa ni usiku 90 wa mtu kuinamia taa, msomi hana la kusema.

Columbus nilikaa siku tatu. Aminah alikulia Poindexter Village, nyumba za serikali zilizofunguliwa mwaka aliozaliwa. Mama yake alimfundisha kushona na kufuma. Baba yake alimfundisha kutengeneza vitabu kwa mkono, na mchanganyiko wa udongo, gundi na mafuta ya wanyama wa kufinyangia. Mwaka 2004 alipata tuzo ya MacArthur. Alipokufa aliliachia jumba la sanaa la Columbus kazi zake na nyumba yake ya Sunbury Road, ambayo sasa inapokea wasanii Weusi kuja kukaa na kufanya kazi.

Zile nguo zake kubwa aliziita RagGonNon, kwa maana ya kitambaa kinachoendelea, kinaendelea tu. Ni vitambaa, vifungo, shanga, makombe na sura za watu, kimoja juu ya kingine, na nyingine alikaa nazo miaka na miaka. Si kila kitu nilikipenda. Kuna mahali vifungo vimezidi hadi jicho linachoka, unatamani apumzike kidogo, akuachie pa kuvuta pumzi. Lakini ukiinama karibu, uone uzi unavyoingia na kutoka, unaona kitu ambacho sijakiona kwenye makala yoyote ya kanga: mtu anafikiri kwa sindano. Hakuanza na ujumbe akautafutia nguo. Mshono mmoja umeita mwingine. Na kwa kuwa alisema kazi haishi, hakuna anayeweza kuja na kalamu akatangaza "maana yake ni hii".

Jioni nikaenda maduka ya Wasomali upande wa Morse Road, njaa ilikuwa imenishika. Nilikuwa nimeitoa kofia, nashona huku nikingoja chakula. Mzee mmoja akaja akaketi bila kukaribishwa, akaichukua mkononi mwangu. Alikuwa mtu wa Barawa, na Chimwiini chake na Kiamu changu vilisikilizana vizuri kuliko nilivyotarajia. Akaanza na kofia za Barawa, kwamba zenu nyie watu wa Lamu mmejifunza kwetu. Nikamwambia mzee wangu, kinyume chake. Tukabishana mpaka chakula kikapoa. Hakunionea haya, mimi nikamwamkia tena nilipoondoka. Katika safari nzima huo ndio ulikuwa mjadala wangu bora wa kitaalamu, na hakuna aliyetaja nadharia.

Buffalo nilifika na mvua, basi majumba yake makubwa ya sanaa sikuyafikia. Nilikwenda upande wa magharibi ya mji, Niagara Street, ambako kuna Stitch Buffalo, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Dawne Hoeg. Ni mahali pa wanawake wakimbizi na wahamiaji: wanashona, wanadarizi, wanauza kazi zao, wanafundisha. Kuna pia duka la vitambaa na nyuzi zilizotolewa sadaka na watu. Nilinunua buruji mbili za uzi mweupe kwa bei ya peremende.

Kwa mtazamo wangu jambo hili ni jema, na ni bora mara mia kuliko kibandiko cha "hajulikani", kwa sababu mshonaji yupo, anapumua, unaweza kumuuliza. Ila soko la kazi kama hizi, popote lilipo, lina mtego wake. Mnunuzi wa Marekani anataka kitu kidogo cha kutia mfukoni: moyo wa kitambaa, pambo la kutundika, pochi. Ananunua na simulizi ya ukimbizi pamoja. Nani atalipia kitambaa cha meza cha miezi minne? Na nani atauliza huo mshono unaitwaje? Huruma inalipa dola ishirini. Ufundi unataka zaidi.

Jioni hiyo nilikuwa kwa jamaa yangu, na jirani yake, mama mmoja wa Uvira aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, alikuja kuazima sufuria. Akaniona na sindano.

"Papa, wanaume ya kwenu wanashonaka?"

Nikamwambia tunashona, mama. Akaipokea kofia, akaigeuza ndani nje. Washonaji wenzangu mnajua, fundi haangalii juu, anaangalia nyuma. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa pembeni polepole, kisha akakisimamisha.

"Hapa mkono umebadilika. Wa kwanza alikuwa mwanamke, mtu mzima, anashona na uzi mlegevu. Huyu wa pili anavuta sana. Ana hasira ama ana haraka."

Mahali alipoweka kidole ndipo penyewe. Sikuwa nimemwambia lolote. Jamaa yangu akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Nina shahada tatu, nimefundisha fasihi miaka 17, na nimewapa wanafunzi mazoezi chungu nzima ya kutambua mtunzi kwa mtindo wake. Huyu mama alimtambua mwandishi katika nafasi ya kidole kimoja, akaeleza na hali ya moyo wake, kisha akauliza kama sufuria ina mfuniko.

Nikamwomba akae. Akanieleza kwamba kambini walidarizi vitambaa vya meza na mashuka, wakauza kwa wenyeji, na kila mmoja alijua kazi ya mwenzake hata ikikutwa sokoni. Hawakuandika majina. Hawakuhitaji. Sasa hapa nikaona kosa la hoja yangu mwenyewe, maana safari nzima nilikuwa nalilia majina. Kumbe jina lilikuwemo mle ndani ya mshono, kwa wenye kuujua. Likipotea ni pale kitu kinapofika kwa watu kama mimi na yule wa kibandiko. Kwa hiyo bado nasema tuandike majina, lakini si kwa sababu akina mama hawakuwa nayo. Ni kwa sababu sisi hatujui kusoma.

Usiku ule nilifumua safu tatu. Nikaanza tena na mkono mwepesi, na yule mama amekaa pembeni akinitazama, "bado unavuta, papa, bado." Kufikia saa sita za usiku akasema haya, sasa inaenda.

Kama mpango wa Kentucky wa 1981 uliwezekana, wetu hauna gharama kubwa. Idd ijayo, kila mwenye kofia, kitambaa cha kochi, shuka la darizi au kanzu ya almaria aliyokuja nayo huku ughaibuni, aigeuze ndani nje, apige picha pande zote mbili, na apige simu nyumbani kuuliza nani aliishona, wapi, mwaka gani. Msiache pia kuuliza majina ya mishono yenyewe. Mimi nimeanza na ya mama na nimekwama. Kuna mshono mdogo wa kuzunguka kila tundu, uzi unapita chini ya mwenzake kabla ya kukazwa. Mama wa Uvira ana jina lake kwa Kifuliiru, mzee wa Barawa ana jina lake, nami niliyezaliwa na mwenye kofia sina, nilikuwa nikiona tu anavyofanya. Shangazi yangu Lamu anasema labda ni jina fulani, halafu anabadilisha. Mwenye kulijua, wa Siyu, Unguja, Pemba, popote, tafadhali aniambie.

Kofia imebaki vidole vinne. Kwa ndani nimeandika jina la mama kwa penseli. Langu sijaliandika.

Wasalaam.